Kilima cha Mama Mkwe

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi asubuhi, nimekuwa nikivaa suruali katikati ya safari. Nashuka kwenye baiskeli pale darajani, kabla ya kile kilima cha kuingia Igoji, natoa kwenye mfuko wa mgongoni suruali ya kijivu iliyokunjwa, naivaa juu ya kaptula ya kubana huku nikirukaruka kwa mguu mmoja, halafu napanda tena. Nikishapita geti la mama mkwe wangu kule juu, nashuka na kuivua. Dakika nne zinakwenda hapo. Siku cheni ikiikamata, zinakwenda kumi, na goti.

Naitwa Gitobu. Nafundisha kemia katika shule ya sekondari karibu na mji wa Nkubu, Meru, na nina miaka hamsini na sita. Sikuingia kwenye baiskeli kwa kupenda. Kaka yangu Mutwiri ana ugonjwa wa sukari, na mwaka juzi alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Nilikaa naye wodini siku tisa. Siku ya kumi nilipimwa mimi, na daktari akanitazama juu ya miwani yake akasema nami naelekea huko huko, nianze mazoezi.

Nilijaribu kutembea. Nani anaweza kutembea Nkubu? Kila hatua kumi kuna mzazi wa mwanafunzi, na mzazi lazima asalimiwe, na akishasalimiwa lazima aulize kwa nini mtoto alipata alama kumi na mbili. Nilitembea wiki mbili na sikutoka jasho hata tone. Baiskeli nayo haisimamishwi. Nilitafuta ya mtumba, ile ya mbio yenye matairi membamba, na hapo ndipo kero zilipoanza kwa kweli.

"Mwalimu, kwani gari iliuzwa?" Hilo niliulizwa mwezi mzima. Mama mmoja wa Gakoromone alinikuta nimesimama nanywa maji, akaniletea mkungu wa ndizi nimpelekee dada yake Nkubu, maana si naenda huko? Nikamwambia baiskeli hii haina keria. Akaizunguka mara mbili, akaniuliza ni baiskeli gani haina keria, na kama haina keria naendesha ya nini.

Lakini hayo yote niliyazoea. Sikuzoea kilima cha mama mkwe.

Kwetu sisi Wameru wa Imenti, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia wakwe zao na kupiga nao picha, hiyo ni shauri yao, mimi sikulelewa hivyo. Tangu nimwoe Kanana, yapata miaka ishirini na tisa, sijawahi kumpa mama yake mkono. Tukikutana njiani, mmoja wetu anapisha na kuangalia migomba. Nikienda kwake anatenga chakula, anatoka, na mwanamke yeyote aliyebaki karibu anageuka na kunipa mgongo mpaka nimalize kula. Kumgeuzia mkwe mgongo akila ndiyo heshima yenyewe. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, hajawahi kuniona nikitafuna. Kwa simu tunaongea vizuri, hata kucheka tunacheka, kwa kuwa simu haina macho.

Sasa chukua mtu huyo, halafu chukua kaptula ya baiskeli. Alininunulia binti yetu mkubwa, Karwirwa, anayefanya kazi Nairobi. "Baba, hiyo ndiyo watu serious huvaa," aliniambia. Ni nyeusi, inabana kuanzia kiuno hadi mapajani, na nyuma imetiwa sponji kama nepi. Kaptula ya namna hiyo haifichi kitu, inatangaza. Nilipoivaa mara ya kwanza Kanana alikaa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi, akaketi wima.

"Baba Karwirwa," akasema, "na hiyo nguo usipite nayo kwa mama."

Ndipo suruali ya kijivu ilipozaliwa.

Kila Agosti kuna mbio za baiskeli kutoka Meru mjini mpaka Embu, kilomita mia moja thelathini na zaidi, na Mungu alipoumba barabara hiyo hakuweka hata mita moja iliyo sawa. Ni kuteremka mtoni na kupanda, kuteremka na kupanda. Sisi wazee hatushindani na mtu, tunashindana na pikapu. Pikapu ya wasimamizi inakuja nyuma ya wote na kibendera chekundu, na ina saa zake. Ukiwa hujafika juu ya kilima cha Igoji saa tatu kasoro robo, inakuokota wewe na baiskeli yako. Ukifika Embu mwenyewe unavishwa medali ya bati, kubwa kama kifuniko cha kopo la majani chai.

Mwaka jana iliniokota kilimani hapo hapo. Nilikuwa nimesimama darajani, nimevaa suruali yangu ya heshima, na nilipofika katikati ya mlima cheni ikaila suruali, nikaanguka ubavu. Nilikuwa bado nachomoa kitambaa kwenye meno ya gia pikapu iliposimama kando yangu. Nilifika Embu nimekaa juu ya rundo la baiskeli kama gunia la viazi. Mutwiri alinipigia simu jioni, akaniuliza medali iko wapi. Nikamweleza. Akasema, "Mimi sina mguu, nina sababu. Wewe una miguu miwili unashindwa na suruali?"

Alisema kwa utani. Lakini niliichukia hiyo suruali kuanzia siku hiyo, nikamwahidi kwamba mwaka huu nitamletea medali aitundike kwenye gongo lake la kutembelea. Sikutaka kitu kingine. Sikutaka hotuba wala picha. Nilitaka kumwekea Mutwiri kile kibati mkononi.

Nilifanya mazoezi kama mtu anayelipiza kisasi. Kikundi chetu cha baiskeli kina watu tisa, wote tuna mashati ya buluu yanayofanana, na kiongozi wetu ni Nthiga, Mwembu wa miaka arobaini anayefanya kazi benki mjini Meru. Nthiga hupima kila kitu kwa saa. Nilikuwa napanda kile kilima kwa dakika tisa, bila suruali. Pamoja na suruali, kumi na nne.

"Mwalimu, hiyo long trouser ndio shida yako," aliniambia wiki mbili kabla ya mbio. "Kwani huyo mama hajawahi kuona magoti?"

"Si magoti, Nthiga."

"Basi ni nini?"

"Nyinyi Waembu hamna wakwe?"

"Tuko nao. Lakini wangu ako Kirinyaga, mbali na barabara." Akaniangalia kwa huruma. "Ulioa vibaya kijiografia."

Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikamwuliza Kanana kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe: hivi mama yake Jumamosi asubuhi lazima awe getini? Kanana alichukua simu yake. Alimpigia mama yake, wakaongea Kimeru kwa muda mrefu juu ya ng'ombe, mahindi na kifua cha jirani, kisha akakata simu.

"Jumamosi hiyo hatakuwa nyumbani. Ana kikao cha akina mama wa kanisa, saa mbili kamili."

"Una hakika?"

"Mama akose kikao? Labda awe amekufa."

Usiku huo nililala vizuri. Siku ya mbio niliiacha suruali ya kijivu ikining'inia nyuma ya mlango wa chumba.

Tulianza Makutano, Meru mjini, saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na manyunyu na ukungu, ile baridi ya Agosti inayoingia mpaka ndani ya meno, lakini miguu yangu ilikuwa myepesi ajabu. Nkubu nilipita bila kusimama. Wanafunzi wangu wawili walinitambua wakapiga kelele za "Mwalimu", na mara hii sikuona aibu. Kanyakine, Nthiga, mwenzangu pekee wa kikundi aliyejiandikisha mwaka huu, alipata pancha. Alishuka, akanipungia mkono niendelee, akasema atanikuta mbele. Niliendelea. Nilipoanza kuteremka kuelekea darajani niliangalia saa: saa mbili na dakika ishirini na tano. Nilikuwa na dakika ishirini za kupanda kilima cha dakika tisa. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekishinda kile kilima kabla sijakigusa.

Kisha nikainua macho ng'ambo ya pili.

Pale kwenye kona, hatua chache chini ya geti la mama mkwe, walikuwa wamesimama akina mama kumi na wawili. Niliwahesabu, nikawahesabu tena. Wote walikuwa na vitambaa vyeupe kichwani. Na mbele ya wenzake, na mwavuli wake wa njano ambao ningeutambua hata nikiwa usingizini, alikuwa Ciakuthii.

Nilifunga breki zote mbili. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimeshuka, nimevuka mtaro na kuingia na baiskeli yangu kwenye shamba la migomba la mtu nisiyemjua.

Mtu akinicheka anicheke. Nina shahada ya sayansi, nimesimamia mitihani ya taifa, na nilichuchumaa nyuma ya mgomba kama mwizi wa kuku. Lakini sikuwa na suruali. Na kule juu hakukuwa na mama mkwe mmoja tu, kulikuwa na mama mkwe na kanisa lake.

Nilijiambia wanangoja gari la kwenda matangani. Ndiyo, kikao kimeahirishwa, kuna msiba, gari litakuja sasa hivi, watapanda, wataondoka. Nikaangalia saa. Dakika kumi na nane. Bado nafasi ilikuwepo.

Gari halikuja. Walikuja waendesha baiskeli. Mzee mmoja wa Chuka alipita akipumua kama ng'ombe, na alipoikaribia ile kona akina mama wakampigia vigelegele, wakamwimbia, mmoja akimpepea kwa kitambaa. Wakaja wengine wawili, wakapigiwa vigelegele nao. Kwa hiyo hakukuwa na msiba. Walikuwa wamekuja kutazama mbio. Kila mpanda baiskeli alipotokea darajani, mwanamke mmoja mrefu aliyesimama kwenye jiwe, jirani wa mama mkwe aitwaye Ruguru, alikuwa akikinga uso kwa mkono na kumchunguza. Kisha anamwinamia Ciakuthii, na Ciakuthii anatikisa kichwa na kuendelea kungoja.

Dakika kumi na tano. Nilianza kuhangaika. Nilivua shati nijifunge kiunoni, nikaona basi nitapita kifua wazi, ambayo ni afadhali gani? Nikalivaa tena. Nilichuma majani makavu ya mgomba, nikayaweka mapajani kuona yatafika wapi, nikayatupa. Nilimlaani Karwirwa na kaptula yake. Nilimlaani Kanana na hakika yake. Niliilaani na suruali, ambayo kwa mara ya kwanza maishani niliitamani kama chakula.

Dakika kumi na mbili. Kilima kilitaka tisa.

Hapo Nthiga akashuka mteremko kwa kasi, shati la buluu limemganda mwilini, miwani myeusi na kofia ngumu. Akaniona. Akapunguza.

"Mwalimu! Ni pancha?"

"Hapana. Nenda."

"Unaumwa?"

"Nthiga, nenda tu. Nakuja."

"Mwalimu, pikapu iko hapo nyuma. Twende."

"Nimesema nenda."

Nilimfokea. Mtu aliyenisubiri Jumamosi mia moja nilimfokea kutoka nyuma ya mgomba. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akavuka daraja na kuanza kupanda, akikata kilima kwa nguvu kuliko wote waliotangulia.

Ruguru alimwona akiwa bado chini. Akamkazia macho, akaruka kutoka kwenye jiwe lile kama msichana, akapiga ukelele mmoja mrefu uliofika mpaka kwangu. Ciakuthii akafunga mwavuli. Akainama, akachukua kibuyu kilichokuwa kimefunikwa miguuni pake, akakiweka juu ya jiwe kando ya lami, polepole, kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua tano.

Kisha akageuka. Akageuka na kuipa barabara mgongo, uso kwenye mibuni. Na akina mama wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakageuka vilevile, wakaanza kuimba wakiwa wameangalia kahawa.

Waliomtangulia wote walitazamwa usoni. Hakuna mwanamume anayegeuziwa mgongo namna ile isipokuwa mkwe anayetengewa chakula. Walikuwa wananingoja mimi. Mama mkwe wangu alikuwa amekihamisha kikao cha kanisa barabarani kwa ajili yangu, akaniandalia uji, na akawafundisha akina mama wa kanisa zima wageuke nitakapopita, ili mkwe wake asione haya. Ruguru ameniona mara mbili tu maishani, zote nikiwa na koti na tai. Yeye alijua kitu kimoja: shati la buluu.

Migongo kumi na miwili. Ningeweza kupita pale nikiwa na kaptula, au bila kaptula, na asingeniona hata mtu mmoja.

Nthiga alisimama. Alikuwa na kiu na uji ulikuwa mbele yake, kwa hiyo alikinyanyua kibuyu, akakimaliza, akakirudisha juu ya jiwe. Niliona akiinamisha kichwa kwa ile migongo, akitafuta wa kumshukuru, asimpate. Akapanda baiskeli akaishilia kwenye kona. Ruguru, ambaye bila shaka alikuwa anachungulia, alisema neno, na wote wakageuka na kulipuka kwa vigelegele. Ciakuthii alikichukua kibuyu, akakipindua kuonyesha kwamba ni kitupu. Wakamshika mikono. Alikuwa anacheza. Mwanamke wa miaka sabini na tisa mwenye nyonga mbovu alikuwa anacheza kando ya barabara kuu.

Nikaangalia saa. Dakika tano. Kilima changu bora kabisa ni dakika tisa, lakini niliwahi kusikia watu wanaokimbizwa na tembo wanavyopata mbio wasizokuwa nazo, na pikapu nayo si malaika, ingeweza kuchelewa. Nilishika usukani. Niliutoa mguu mmoja nje ya mtaro.

Na nikitokea, itakuwaje? Mwanamume wa pili mwenye shati la buluu, anapanda akihema, ana tumbo na sura ya mkwe wa Ciakuthii mwenyewe. Ruguru angenitambua kwa karibu, maana yule wa kwanza amemwona na miwani tu. Na Ciakuthii angesimama mbele ya akina mama wenzake na kibuyu kitupu mkononi, akijua kwamba amempa heshima yote ile mtu wa kupita njia. Angecheka, angesema si kitu. Halafu angeenda nyumbani akae peke yake. Namjua.

Niliurudisha mguu.

Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika katika zile dakika. Sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia mimi na miaka yangu ishirini na tisa ya kumheshimu mtu bila kumfahamu. Niliamini kwamba heshima ni mzigo wangu peke yangu, mimi ndiye wa kuvaa suruali, mimi ndiye wa kujificha. Haikunijia hata siku moja kwamba na yeye amekaa kule juu akiwaza atafanyaje ili nipite.

Walikaa wakiimba mpaka saa tatu kasoro robo. Kisha wakakunja vitambaa, wakakusanya vikapu, wakapanda kijia cha kuelekea kwake mmoja mmoja. Mwavuli wa njano ulikuwa wa mwisho kupotea. Nilitoka shambani na majani makavu yamenishika nywele za miguu, na pikapu ikasimama mbele yangu.

Msimamizi ni binti anayeitwa Maxine, filimbi shingoni na karatasi mkononi. Ndiye aliyeniokota mwaka jana.

"Mwalimu," akasema taratibu, "tena?"

"Tena."

"Ni pancha?"

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Sasa niandike nini? Hapa lazima sababu."

Miguu yangu ilikuwa haijachoka hata kidogo. Ningeweza kwenda mpaka Embu na kurudi. "Andika uchovu," nikamwambia, na nikatupa baiskeli juu ya pikapu kwa mkono mmoja.

Tulifika Embu kwenye saa tisa, tumewaokota wengine sita njiani. Uwanjani watu walikuwa wanavishwa medali. Nthiga alikuja na yake ikimgongagonga kifuani, chumvi ya jasho imemkaukia usoni. Hakuniuliza lolote kuhusu migomba, na nilimshukuru kwa hilo.

"Lakini Mwalimu," akasema baada ya kunywa maji, "wale wamama wa kwenu ni wakarimu sana. Huo uji ndio umenifikisha. Ile kitu sijaelewa ni kwa nini walinipatia mgongo. Niliwakosea?"

"Hukuwakosea. Ni heshima."

"Heshima ya mgongo?"

"Nthiga," nikamwambia, "nenda ukapige picha."

Simu ikalia. Alikuwa Kanana, na nyuma yake nilisikia sauti nyingi za wanawake na vikombe. Alikuwa amekwenda Igoji kwa mama yake tangu saa tano.

"Uko Embu?"

"Niko Embu."

"Umefika kweli?" Sauti yake ilipanda. "Kumbe Karwirwa ndiye aliyemwambia mama mapema mbio ni lini, akamwambia mpaka rangi ya shati. Mimi wamenificha, eti nitakuambia, nawe utapita njia nyingine. Baba Karwirwa, ungeona mama leo. Ngoja, anataka kukusalimia."

Nilitaka kusema ngoja kwanza, lakini simu ilikuwa imeshabadilisha mikono.

"Baba Karwirwa," Ciakuthii akasema kwa Kimeru, na alikuwa bado ana pumzi fupi ya mtu aliyecheza. "Umefika salama?"

"Nimefika salama, mama."

"Mungu asifiwe. Sikukuona, unajua. Lakini nimekusikia. Matairi yako yana sauti nzuri." Akakohoa. "Ule uji niliuweka siku nne uchachuke vizuri. Ulikuwa mtamu?"

Mbele yangu Nthiga alikuwa ameinua medali, anapigwa picha. Nilimfikiria Mutwiri na gongo lake. Nilijua nitamweleza nini Mutwiri: ukweli, wote, na majani ya mgomba yakiwemo. Atacheka mpaka alie, halafu atanitukana.

"Ulikuwa mtamu sana, mama."

"Ruguru anasema ulikinywa kibuyu chote kwa mkupuo mmoja. Anasema hukuacha hata tone."

Tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni, hata maji.

"Nilikuwa na kiu, mama," nikasema.